Chuma cha Jua kilivuliwaje elektroni 13?

Mwalimu mmoja wa fizikia wa kidato cha tano na sita, mkoani Iringa, ameniandikia hivi:

"Shikamoo, mtaalamu. Mwanafunzi wangu alisoma mahali kwamba kwenye korona, yaani tabaka la nje la angahewa ya Jua, chuma kimepoteza elektroni 13 kati ya 26. Akaniuliza nani amezitoa. Nikamwambia ni elektroni nyingine zinazokigonga, kama gololi inavyoigonga gololi. Akanirudi: elektroni kwa elektroni si zinasukumana, sasa hiyo ya kugonga itafikaje karibu? Na kama kugonga kupo, mbona zimetoka 13 tu, hazikutoka zote? Hesabu naziweza, picha ndiyo inayonipiga chenga. Naomba unieleze kwa kirefu."

Marahaba, Mwalimu. Kijana wako ana kichwa. Jibu ulilompa ni sahihi, ni elektroni kweli; kinachokukwamisha ni ile gololi. Gololi mbili hazina habari mpaka zigusane. Elektroni na ioni (atomu iliyokwisha kupoteza elektroni) huanza kuathiriana zikiwa mbali, kwa nguvu ya umeme, na katika mgongano mzima hakuna mahali kitu kinapogusa kitu. Iondoe gololi kichwani, maswali yote mawili yatafunguka.

La kusukumana kwanza. Ioni ya chuma iliyopoteza elektroni 13 ina kiini chenye protoni 26, na elektroni 13 zilizobaki zikikizunguka. Kwa mbali, jumla yake ni chaji chanya 13. Elektroni inayopita inaathiriwa na hiyo jumla, kwa hiyo inavutwa. Kadiri inavyosogea inaongeza mwendo, na njia yake inapinda kuelekea kwenye kiini. Ikishaingia ndani ya wingu la elektroni zilizobaki, mvuto unazidi tena, maana sehemu ya wingu hilo sasa iko nyuma yake na haikikingi kiini. Ioni yenyewe, basi, ndiyo inayomkaribisha mgeni. Msukumano kati ya elektroni na elektroni upo, na ndio unaofanya kazi yenyewe: mgeni anapopita kasi, uga wa umeme pale alipo mwenyeji, yaani elektroni iliyofungwa ndani ya ioni, unabadilika ghafla, na badiliko hilo ndilo linalohamisha nishati. Mwaka 1924 Enrico Fermi alionyesha kwamba, kwa atomu, uga wa chembe yenye chaji inayopita kasi hauna tofauti kubwa na mmweko mfupi sana wa mwanga. Picha hiyo mimi naipenda na ningekushauri uiingize darasani. Elektroni iliyofungwa ndani ya ioni imemulikwa kwa kitambo kidogo, nayo imechota nishati kutoka kwenye mmweko huo.

Kijana anaweza kuuliza pia kwa nini tuseme elektroni, na korona imejaa protoni vilevile. Protoni ni nzito mara 1836 kuliko elektroni, kwa hiyo katika jotoridi moja elektroni zinakimbia kama mara 43 zaidi, ambacho ndicho kipeuo cha pili cha 1836. Halafu protoni ni chanya na ioni ni chanya. Hapo ndipo msukumano wa kweli ulipo. Protoni zina mchango wake katika kuhamisha ioni kati ya ngazi za nishati zilizokaribiana sana, lakini kung'oa elektroni katika jotoridi hilo si kazi yake. Ioni ya chuma, kwa upande wake, ina uzito wa elektroni 100,000 hivi, hivyo haitikisiki. Karibu nishati yote inayotolewa na mgeni inaishia kwa elektroni za ndani.

Na elektroni za ndani hazipokei kiasi chochote tu. Hili lilionekana Berlin mwaka 1914, James Franck na Gustav Hertz walipopitisha elektroni kwenye mvuke wa zebaki. Elektroni zenye nishati pungufu ya elektronivolti 4.9 (kipimo cha nishati, nitaandika eV) zilipita bila kupoteza kitu cha maana. Zilipofika 4.9 zilipoteza nishati yote kwa mkupuo, na mvuke ukatoa mwanga wa urujuanimno wenye urefu wa wimbi wa nanomita 254. Wao wenyewe mwanzoni walidhani 4.9 eV ndiyo nishati ya kuionisha zebaki. Kumbe ilikuwa ya kuisisimua tu, yaani kuipandisha elektroni ngazi ya juu bila kuitoa. Kuionisha zebaki kunataka 10.4 eV. Tofauti hiyo ishike, maana tutaihitaji mbele: kusisimua ni kupandisha, kuionisha ni kutoa nje kabisa, na kila kimoja kina kizingiti chake cha nishati.

Hapa kuna jambo linalotenganisha ioni na atomu za kawaida. Ukiisisimua atomu isiyo na chaji kwa elektroni yenye nishati ya kizingiti hasa, uwezekano wa kufaulu unaanzia sifuri kisha unapanda taratibu. Kwa ioni chanya uwezekano unaanza ukiwa tayari mkubwa pale pale kizingitini. Sababu ni ule mvuto. Elektroni itakayobaki na nishati karibu sifuri ikishaondoka, pale ndani karibu na kiini bado ilikuwa inakwenda kwa kasi. Kuionisha ni tofauti: kunaanzia sifuri kwa atomu na kwa ioni, kwa sababu elektroni mbili zinataka kutoka na zote mbili zinavutwa zirudi. Gregory Wannier alilishughulikia tatizo hilo mwaka 1953, akaonyesha kwamba kwa atomu uwezekano unapanda kwa kipeo cha 1.127 cha nishati iliyozidi kizingiti. Sitaliingia zaidi, ingawa ni moja ya hesabu nzuri za karne iliyopita.

Tuje kwenye idadi. Uwezekano wa mgongano tunaupima kama eneo: ukichukulia kila ioni ni shabaha, eneo la shabaha hiyo ni kiasi gani? Eneo hili halihusiani moja kwa moja na ukubwa wa ioni. Linabadilika na nishati ya elektroni inayokuja. Hans Bethe mwaka 1930 alionyesha kuwa katika nishati kubwa linashuka kama logi ya nishati ikigawanywa kwa nishati. Mwaka 1967 Wolfgang Lotz, akiwa Garching Ujerumani, alichapisha kanuni fupi ambayo wengi wetu bado tunaianzia tunapotaka makadirio ya haraka. Ichukue, inafaa hata kwa kidato cha sita. Eneo kwa sentimita za mraba ni 4.5×10⁻¹⁴, mara idadi ya elektroni kwenye ganda, mara ln(E/I), gawanya kwa E mara I, nishati zote zikiwa kwa eV. E ni nishati ya mgeni, I ni nishati ya kuionisha. Waambie wanafunzi watafute E inayotoa thamani kubwa kuliko zote. Watapata E = 2.7 × I, ile namba e wanayoijua kwenye logi. Elektroni inayopita na nishati ya mara 2.7 ya kizingiti ndiyo inayong'oa vizuri zaidi. Ikiwa na kasi kupita hapo, inakaa karibu na ioni kwa muda mfupi mno.

Kanuni hiyo inaonyesha pia kwa nini ioni nzito zilizovuliwa sana ni ngumu kuzivua zaidi. I iko kwenye kigawanyo mara mbili: mara moja wazi, mara nyingine ndani ya E. Kwa ioni zilizobakiwa na elektroni 1, I inapanda kwa kipeo cha pili cha chaji ya kiini, hivyo eneo linashuka kwa kipeo cha nne. Haidrojeni ikigongwa na elektroni za 60 eV hivi ina eneo la 6.6×10⁻¹⁷ za sentimita ya mraba. Urani iliyobakiwa na elektroni 1 ina chaji ya kiini mara 92, kwa hiyo gawanya kwa 92 kwa kipeo cha nne. Unabaki na eneo dogo mara zaidi ya milioni 70. Tena hapo hesabu ya kawaida haitoshi, maana elektroni ya ndani ya urani inakimbia kwa takriban theluthi mbili ya kasi ya mwanga, na nadharia ya uhusiano ya Einstein lazima iingie.

Sasa chuma chenyewe. Elektroni ya kwanza inatoka kwa 7.9 eV. Ya pili 16.2. Kufikia ile ya 13 unahitaji 361 eV, ya 14 inataka 392, ya 16 inataka 489. Halafu ya 17 inataka 1262! Mruko huo ni kwa sababu ganda la tatu limeisha na sasa unachokonoa ganda la pili lililojaa. Zile 2 za mwisho, zilizoshikana na kiini kabisa, zinataka 8828 na 9278.

Ioni ya chuma yenye chaji 13+ hupatikana kwa wingi zaidi kwenye jotoridi la kelvini milioni 1.8 hivi. Zidisha kwa 8.617×10⁻⁵ uigeuze kuwa eV: unapata 155. Wastani wa nishati ya elektroni ni mara moja na nusu ya hiyo, yaani 233 eV. Kijana wako atasimama hapo hapo: 233 ni pungufu ya 361, sasa imetokaje ile ya 13? Mwambie asitazame wastani. Nishati za elektroni zimetawanyika kwa mgawanyo wa Maxwell, na ukifanya hesabu ya sehemu iliyo juu ya 361 eV unakuta ni elektroni 1 katika kila 5. Ndizo hizo zinazong'oa. Kwa 8828 eV mambo ni mengine kabisa. Gawanya 8828 kwa 155, unapata 57, na e kwa kipeo cha -57 ni kama 10⁻²⁵. Ndiyo sababu hazikutoka zote 26. Elektroni zenye uwezo wa kuzitoa za mwisho hazipo, kwa maana yoyote ya kawaida ya kutokuwepo.

Ila hilo ni nusu ya jibu. Idadi inayobaki inaamuliwa na mizani kati ya kung'oa na kurudi. Na kurudi nako si rahisi. Elektroni ikivutwa na ioni inaongeza mwendo, inapita, inaondoka zake. Ili inaswe lazima itoe nishati, na njia ya kawaida ni kutoa fotoni, yaani chembe ya mwanga, jambo ambalo hutokea kwa nadra katika ule muda mfupi wa kupita. Kuna njia nyingine yenye nguvu zaidi. Elektroni inayoingia inaisisimua moja iliyo ndani, na kwa kutoa nishati hiyo inakosa ya kuondokea. Ioni ikiwahi kutoa fotoni kabla mambo hayajarudi yalivyokuwa, elektroni imenaswa moja kwa moja. Mwaka 1964 Alan Burgess alionyesha kwamba njia hiyo ndiyo inayotawala kwenye korona. Kabla yake, jotoridi la korona lililopatikana kwa hesabu za uionishaji lilikuwa chini sana ya lile lililopatikana kwa kupima upana wa mistari ya spektra (rangi mahususi za mwanga unaotolewa na ioni), na watu wenye akili walikuwa wanabishana bila kufika. Njia moja ya mgongano iliyosahaulika ilikuwa imewapa jotoridi la uongo la nyota tunayoishi chini yake. Ndiyo maana napata moto nikisikia mtu akisema hizi ni namba za kujaza majedwali.

Nifike basi kwenye sehemu ambayo kwangu ndiyo tamu kuliko zote: katika ioni nzito, elektroni inayotoka aghalabu si ile iliyopigwa.

Chukua chuma chenye chaji 15+. Kimebakiwa na elektroni 11, mpangilio uleule wa sodiamu: 2 za ndani kabisa, 8 kwenye ganda la pili, na 1 peke yake kwenye ganda la tatu. Kuitoa hiyo ya peke yake kunataka 489 eV. Ukiigonga ioni hiyo kwa elektroni za 500 au 600 eV, mambo yanakwenda karibu na kanuni ya Lotz ilivyosema: ya nje inachota nishati, inatoka. Ukiendelea kuongeza nishati, ukipita kidogo 700 eV, mstari kwenye grafu ya eneo dhidi ya nishati unaruka juu ghafla. Lotz haujui mruko huo.

Kilichotokea ni hiki. Mgeni sasa ana nishati ya kutosha kuinyanyua moja ya zile 8 za ganda la pili hadi ganda la tatu. Hajaitoa, ameisisimua tu. Lakini ioni sasa imebeba zaidi ya 700 eV, ilhali 489 zinatosha kutoa elektroni. Ganda la tatu lina elektroni mbili, ganda la pili lina pengo. Moja ya zile mbili inashuka kuziba pengo, na nishati inayoachiliwa inachukuliwa na mwenzake, ambayo inatoka nje kabisa. Muda wote huo ni chini ya sehemu moja ya trilioni ya sekunde, na mgeni ameshakwenda. Ioni imejiionisha yenyewe. Kwa kuwa ganda la pili lina elektroni 8 za kusisimuliwa na la tatu lilikuwa na 1 tu ya kupigwa, njia hii ya kuzunguka inaipita ile ya moja kwa moja kwa mara kadhaa. Wanaastronomia Leo Goldberg, Andrea Dupree na John Allen waliitilia mkazo kwa ajili ya Jua mwaka 1965, na mwaka 1968 Beryl Peart na Kenneth Dolder waliuona mruko wa namna hiyo kwenye ioni za bariamu maabarani.

Ioni iliyosisimka hivyo ina njia mbili za kushuka. Inaweza kutoa elektroni, au inaweza kutoa fotoni ya eksirei na kubaki na elektroni zake zote, na hapo uionishaji umeshindikana. Ushindani huo unategemea uzito. Kasi ya kutoa mionzi inapanda kwa takriban kipeo cha nne cha chaji ya kiini, ilhali kasi ya kujiionisha karibu haibadiliki. Kwa chuma, kujiionisha bado kunashinda mara nyingi. Ukipanda hadi vitu vizito kabisa, mionzi inazidi kuchukua sehemu yake. Kwa hiyo huwezi kupima ioni moja ukazidisha kwa namba ukapata nyingine. Kila moja ina tabia yake, na hapo ndipo kazi yetu ilipo.

Kuna njia ya tatu, ambayo nilipoisoma mara ya kwanza sikuiamini. Mgeni anakuja akiwa na nishati pungufu kidogo ya ile ya kunyanyua elektroni ya ganda la pili. Akivutwa na ioni anaongeza mwendo, anainyanyua, lakini kwa kufanya hivyo nishati inamwishia na yeye mwenyewe ananaswa. Ioni sasa ina elektroni moja zaidi ya ilivyoanza. Halafu inatoa elektroni moja. Halafu inatoa nyingine. Ukihesabu mwanzo na mwisho, ioni imepoteza moja, sawasawa na kama ingepigwa tu. Kenneth LaGattuta na Yukap Hahn waliitabiri njia hii mwaka 1981 kwa ioni hiyohiyo ya chuma 15+. Miaka ya 1990, kwenye pete ya kuzungushia ioni iliyokuwa Heidelberg, vipimo vya ioni hiyo vilionyesha meno membamba yakichomoza juu ya grafu, kila jino likiwa nishati moja maalumu ambapo mgeni hunaswa. Grafu laini ya kitabu, ukiisogelea, imejaa meno.

Vipimo hivyo haviji kirahisi. Wa kwanza kuupitisha mwali wa elektroni ukakatiza mwali wa ioni na kupima eneo la kuionisha walikuwa Dolder, Harrison na Thonemann, huko Harwell Uingereza, mwaka 1961, kwa ioni za heliamu. Ugumu ni kwamba ioni ndani ya mwali ni chache kuliko molekuli za gesi zilizobaki hata kwenye ombwe zuri. Ioni nyingi unazoziona zimepoteza elektroni zimegonga gesi hiyo, hazikugongwa na elektroni zako. Unalazimika kuwasha na kuzima miali kwa zamu na kutoa hesabu moja kwenye nyingine. Tatizo jingine ni ioni zinazofika zikiwa tayari zimesisimka, ambazo huionishwa kwa nishati ndogo na kukudanganya kuhusu kizingiti. Pete za kuzungushia zilitibu hilo: unaziacha ioni zizunguke kwa sekunde kadhaa, zitulie, ndipo unaanza kupima.

Kwa ioni nzito zilizovuliwa sana, chombo ni mtego wa ioni wa mwali wa elektroni, uliojengwa mara ya kwanza Lawrence Livermore, California, mwaka 1986, na Mort Levine na Ross Marrs pamoja na wenzao. Sumaku za upitishaji-kamili (zisizo na ukinzani wa umeme) zenye nguvu ya tesla 3 hivi zinaubana mwali wa elektroni uwe mwembamba kama unywele. Mwali wenyewe, kwa kuwa ni hasi, unazishika ioni chanya zisitawanyike kando. Mabomba yenye volti huku na huku yanaziba ncha mbili. Ioni inakaa humo ndani ya mwali, inagongwa tena na tena, ikipoteza elektroni moja baada ya nyingine, na dirisha jembamba la berili linaruhusu eksirei zitoke zipimwe. Volti unayoweka ndiyo inayoamua mwisho wa safari: ukiiweka chini ya kizingiti cha hatua inayofuata, uvuaji unasimama hapo. Mwaka 1994, kwa elektroni za 198 keV, yaani eV 198,000, toleo kubwa la chombo hicho lilitoa urani isiyo na elektroni hata moja, zote 92 zimeondoka.

Nimeiacha makusudi habari ya jinsi tulivyojua kwamba chuma hicho kipo. Wakati Jua lilipopatwa tarehe 7 Agosti 1869 huko Marekani, Charles Young na William Harkness waliona kwenye korona mstari wa kijani wa nanomita 530.3 ambao haukulingana na elementi yoyote. Watu wakabuni elementi mpya, wakaiita koronia, na ilidumu vichwani mwa wataalamu kwa miaka 70. Baada ya dokezo la Walter Grotrian mwaka 1939, Msweden Bengt Edlén aliutambua mwanzoni mwa miaka ya 1940: ni chuma kilichopoteza elektroni 13. Mstari huo unatokana na msisimko mdogo sana, wa 2.34 eV, kati ya ngazi mbili za ioni ileile ambayo kuiionisha zaidi kunataka 392. Ioni ikishapandishwa hukaa wastani wa milisekunde 17 kabla ya kutoa fotoni. Katika ulimwengu wa atomu hizo ni zama. Kwenye gesi nzito ya maabara ingegongwa tena mara nyingi na kushushwa kabla haijang'aa. Kwenye korona, yenye elektroni milioni 100 hadi bilioni 1 kwa sentimita ya ujazo, inapata nafasi ya kungoja. Korona ni ombwe kuliko maombwe mengi tunayoyatengeneza duniani, na ndiyo maana hakuna aliyekuwa ameuona mstari huo maabarani.

Kama wanafunzi watauliza faida yake hapa duniani, wape tangsteni. Mtambo wa ITER, wa kuunganisha viini vya atomu ili kupata nishati, unaojengwa Cadarache, Ufaransa, utakuwa na plazima (gesi ya ioni na elektroni) ya nyuzi milioni 150, na mwaka 2023 mradi uliamua kuubadili ukuta unaoitazama plazima hiyo kutoka berili kwenda tangsteni, metali inayoyeyuka kwa nyuzi 3,422. Ukuta utavumilia. Lakini punje za tangsteni zikiingia katikati ya plazima zitavuliwa elektroni zaidi ya 60 kati ya 74, na zile 10 na kitu zinazobaki zitasisimuliwa mfululizo na kutoa eksirei zinazoipoza plazima. Haidrojeni haina tatizo hilo, ikishapoteza elektroni yake moja haina cha kusisimua. Tangsteni ya chembe chache tu kwa kila 100,000 inatosha kuleta shida. Mtambo mkubwa wa aina hiyo wa Princeton, Marekani, uliionja miaka ya 1970: katikati ya plazima palipoa kuliko pembeni, na wengi wakaikimbia tangsteni wakahamia kaboni kwa muda mrefu. Ili ujue ni kiasi gani kitavumilika, lazima ujue maeneo ya mgongano ya ioni za tangsteni moja baada ya nyingine, na meno yake yote.

Jambo la mwisho, ambalo kijana hakuliuliza ila litamfaa. Chuma kikitoka kwenye Jua pamoja na upepo wa Jua, elektroni zinazidi kuwa chache kadiri kinavyopanda, mpaka kinafika mahali migongano inakoma kabisa, iwe ya kung'oa au ya kurudisha. Kutoka hapo chaji yake haibadiliki tena. Chombo cha anga ACE, kilichorushwa mwaka 1997 na kuwekwa kilomita milioni 1.5 kutoka duniani, kimekuwa kikipima ioni hizo zikiwa na chaji ileile ziliyotoka nayo kwenye korona. Siku za kawaida chuma hufika na wastani unaozunguka 10+. Mlipuko mkubwa wa Jua ukiwa umetupa plazima iliyopashwa sana, chuma cha 16+ kinaongezeka waziwazi. Kwa nini kinalundikana kwenye 16 hasa? Rudi kwenye ule mruko wa kutoka 489 kwenda 1262. Elektroni zilizoweza kuitoa ya 16 zilikuwepo nyingi. Za kuitoa ya 17 zilikuwa chache mno.